Q Bila U, Mpaka Ukweni

Nianze kwa kukiri: nilikwenda chooni bila haja.

Mezani nilikuwa nimeacha ubao wa Scrabble (ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi), mke wangu, na vipande saba vilivyokuwa vinanikodolea macho kama wadai: T, A, L, A, R, N na Q. Q ni herufi yenye maringo. Inalipa pointi 10, sawa na Z, ila kwa Kiingereza haitoki nyumbani bila U, na katika vipande 100 vya mchezo mzima U ziko 4 tu. Tatu zilishalala ubaoni. Kuirudisha Q kwenye mfuko wa vipande nichukue nyingine nisingeweza, maana sheria inataka mfuko uwe na vipande saba au zaidi, nao ulibaki na vitano.

Aliyetutega hivi ni Alfred Butts, Mmarekani msanifu wa majengo aliyekosa kazi miaka ya 1930, akakaa anahesabu herufi kwenye magazeti ili ajue kila moja aiweke mara ngapi. E akaipa vipande 12. Q akaipa kimoja, na hicho kimoja sijui kina undugu gani na mkono wangu.

Kwetu simu haiguswi mpaka neno liwe limeshawekwa na mwenzio amelipinga. Sheria hiyo kaitunga mke wangu baada ya kisa fulani cha neno CRWTH ambacho sipendi kukizungumzia.

Basi nikajifungia, nikakaa juu ya kifuniko, nikafungua ukurasa ule unaouambia herufi zipi ziwemo na zipi zisifuatane. Q iwemo. U isiifuate. Orodha ikamwagika, nami nilikuwa nategemea kukutana na Waingereza. Nani! QADI. TALAQ. FAQIR. NIQAB. QIBLA. SUQ. Jamani, hawa si kadhi, talaka, fakiri, nikabu, kibla na soko, wamevaa suti? Nusu saa nzima nimeteseka na Q, kumbe Kiingereza chenyewe kikiitaka bila U hubisha hodi kwa Waarabu, mlango uleule tulioingilia sisi. Tofauti ni kwamba sisi tulisema andika K, maisha yaendelee.

TALAQ ilinitoa jasho la furaha. Herufi zote tano ninazo! Pointi 14, na pale pembeni kulikuwa na mraba mwekundu wa kuzidisha neno mara tatu: 42. Sasa kichwa changu ni pakacha, nikaona nijitumie orodha kwenye simu nisije nikaisahau njiani. Nina mahali pa kujiandikia meseji zangu mwenyewe, pako juu kabisa kwenye skrini. Chini yake tu liko grupu la ukweni. Kidole gumba changu ni kinene.

Meseji ilisomeka hivi: "FAQIR NIQAB QADI SUQ TALAQ. Leo leo, kabla mke hajashtukia!!"

Sebuleni nikasikia simu yake: ting. Nikatazama yangu, nikaona picha ya mama mkwe pale juu, magoti yakalegea nami nimekaa. Nikabonyeza kufuta. Kuna "futa kwangu" na kuna "futa kwa wote". Nikajifutia mimi. Sasa ukoo mzima walikuwa nayo isipokuwa mwandishi.

Simu ya mke wangu ikaita, akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko salama?"

"Niko salama."

"Mumeo yuko wapi?"

"Chooni."

"Amejifungia?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Soma grupu."

Kimya. Nimewahi kusubiri majibu ya mtihani na majibu ya posa, lakini kimya kama kile sijakiona. Kwenye skrini shemeji aliandika, "Shem, tuongee kiume." Baba mkwe, mtu wa hesabu na utaratibu, naye akaandika: "Fakiri nimeelewa. Kadhi na talaka nimeelewa. Soko ndiyo inanitatiza. Anauza nini?"

Nikatoka. Nikaamkia simu kwa adabu zote.

"Mama, yale ni maneno ya Kiingereza."

"Talaka imekuwa Kiingereza lini?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu lake. "Imo kwenye kamusi yao, mama. Ni mchezo wa herufi."

"Na 'kabla mke hajashtukia' nayo imo kwenye kamusi yao?"

Mke wangu hakuwa anasikiliza tena. Aliitazama simu, akautazama ubao, akanitazama mimi. "Kwa hiyo Q unayo wewe," akasema taratibu. Hukumu ikatoka papo hapo: neno lolote lenye Q bila U usiku huo ni mali ya wizi. Mama mkwe akaongezea kwenye spika kwamba lile moja lisitandikwe mezani kwa binti yake hata kwa pointi elfu.

Zikanifia mkononi TRANQ na QANAT pia, maneno ya watu yasiyo na kosa. Nikawa natoa herufi nyingine mojamoja, naomba U ya nne itoke mfukoni. Mfuko ukaisha. Nikabaki na Q peke yake, kama mgeni aliyegoma kuondoka. Mke wangu alibakiwa na vipande viwili, akaviweka bila haraka: U, P. UP.

U ile alikuwa nayo tangu nilipoingia chooni.

Hata hapo nilikuwa mbele kwa pointi 8. Lakini anayemaliza kwanza huongezewa thamani ya kilichobaki kwa mwenzake, na mwenzake hukatwa kiasi hichohicho. Toa 10 kwangu, weka 10 kwake. Nimefungwa kwa 12.

Akaupiga picha ubao, akairusha kwenye grupu: "Mama, nimeshinda."

Pongezi zikamiminika. Baada ya dakika kumi hivi, baba mkwe akaandika: "Hongera mwanangu. Ila hajasema alikuwa anauza nini."