Chicha la nazi si taka jamani

Juzi asubuhi nilipita kwa shangazi hapa Malindi, yeye anauza mahamri na mbaazi za nazi, nikamkuta kashakuna nazi kumi na mbili, tui kashachuja, chicha limejaa karai zima. Nusu likaenda kwa kuku, nusu likamwagwa nyuma ya banda juu ya rundo la jana na juzi, na rundo lenyewe lishaota kuvu, jeusi huku, kijani kule. Nikasimama nikaliangalia sana, manake pale palikuwa na kazi inafanyika na hakuna mtu anayeifaidi.

Iko hivi. Kuvu halina mdomo wala tumbo, likitaka kula linatoa vimeng'enya, yaani enzaimu, nje ya mwili wake, vinavunjavunja chakula huko huko, halafu linafyonza kilichoyeyuka. Na linatoa kulingana na unacholilisha. Maganda ya maembe yana pektini, ile inayoshikanisha nyama ya tunda, basi litatoa pektinesi ya kuivunja, ile viwanda vya juisi wanatia ili embe litoe maji zaidi. Chicha la nazi nyuzi zake nyingi ni za aina iitwayo manani, kwa hiyo litatoa mananesi ya kuzivunja. Sasa kuku tumboni mwake hana kimeng'enya cha kuvunja manani, kwa hivyo zile nyuzi anazomeza zinapita tu, na ndio sababu watengenezaji wa chakula cha kuku wananunua mananesi wanachanganya. Yaani kitu kinachoweza kumfanya kuku wa shangazi afaidi lile chicha, kinaweza kutengenezwa na chicha lenyewe!

Na si jambo geni hili. Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1894 kwa kukuza kuvu la koji, lile Wajapani wanalochachushia vyakula, juu ya pumba za ngano akatoa kimeng'enya cha kuvunja wanga. Pumba tu.

Lakini naomba mtu asiende kukusanya kuvu la nyuma ya banda, hapo siongei mchezo. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na maeneo ya jirani watu zaidi ya 100 walikufa kwa aflatoksini, sumu ya mahindi yaliyoota kuvu, na lile kuvu ni ndugu wa karibu kabisa wa hilo hilo la koji. Mbegu ya kuvu lazima itoke maabara, imepimwa, inajulikana. Chicha unalipika kwa mvuke kwanza kuua vilivyomo, linapoa, unatia mbegu, unalitandaza kwenye sinia unene wa vidole viwili vitatu basi, manake kuvu likikua linatoa joto lake lenyewe na ukilirundika katikati linajiunguza, na kwa joto letu hili la Malindi hapo ndipo pagumu, chumba kinataka hewa ipite na unyevu usikauke. Baada ya siku nne tano hivi unatia maji, unakamua, unachuja, yale maji ndiyo yenye vimeng'enya.

Nilipofika hapo shangazi akanikata, "Si kuchuja tui huko mwanangu?" Ndiko shangazi, ndiko kabisa.

Ndio mimi nasema, kila tukiitwa mikutano ya maendeleo tunaahidiwa kiwanda kikubwa cha maembe, na msimu ukija maembe ya ngowe yanaoza barabarani vile vile. Tuanze na chumba kimoja. Chuo kikuu kiko hapo Kilifi, vijana waliosoma baiolojia wako mtaani wanaendesha boda, akina mama wa mahamri na wa viazi vya nazi wako kila mtaa na chicha lao la kila siku. Kaunti itoe chumba, sinia na mtu wa maabara wa kupima kila mzigo kabla haujamfikia kuku yeyote.

Shangazi tangu juzi chicha halimwagi tena, analianika juani kwenye turubai. Jana kanipigia simu kuniuliza nani atanunua na kilo shilingi ngapi. Watu wa kaunti, nimwambie nini?