Kuchoka dawa sio kukosa shukrani

Kuna neno ambalo mtu mwenye ugonjwa wa kudumu akilisema watu wanashtuka kama vile ametukana. Nimechoka dawa. Anaweza kusema mguu unauma, anaweza kusema presha imepanda, anaweza hata kusema anaogopa kufa na watu watamsikiliza vizuri tu na kumshika mkono, ila akisema amechoka dawa, amechoka kliniki, amechoka kujichoma na kujipima kila siku ya Mungu, hapo ndo mahubiri yanaanza. Jikaze. Wenzio wanazitafuta hizo dawa hawazipati. Shukuru unaamka. Na anayesema hivo wala hana nia mbaya, mara nyingi ndo yule anayekupenda kuliko wote, lakini ukishajibiwa hivo mara kadhaa unajifunza kunyamaza, na mi naamini huko kunyamaza kunawaharibia watu matibabu kuliko tunavyodhani.

Mi naishi na kisukari aina ya kwanza, ile ambayo kongosho halitengenezi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwahiyo lazima uingize mwenyewe kutoka nje, hakuna likizo. Hoja ya shukrani naijua sana kwa sababu historia ya insulini yenyewe inatumika kama fimbo. Tarehe 11 Januari 1922 huko Toronto kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson alichomwa insulini, wa kwanza kutibiwa nayo, sindano ya kwanza haikusaidia sana kwa sababu dawa ilikuwa bado chafu, ikasafishwa, tarehe 23 akachomwa tena na safari hii sukari ikashuka kweli. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa ananyimwa chakula makusudi ili aishi miezi zaidi, alafu anakufa. Hilo nalijua na linanigusa kila nikilikumbuka.

Ila kuna mwingine kwenye historia hiyohiyo ambaye watu hawamtaji wakikwambia ushukuru. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani wa wakati huo, alianza insulini Agosti 1922 akiwa na kama kilo 20 tu na alikuwa anakaribia miaka 15. Akapona ule udhaifu, akakua, akaolewa, akazaa, akaishi hadi 1981, na inakadiriwa alijichoma sindano zaidi ya 40,000. Na karibu maisha yake yote ya utu uzima aliuficha huo ugonjwa, watu wengi waliomzunguka hawakujua kabisa. Sijui moyoni mwake alikuwa anawaza nini na sitaki kumsemea, lakini mtu aliyeokolewa kiasi kile, aliyekuwa na kila sababu ya kusimulia, bado hakutaka hilo jambo litajwe. Kuokolewa ni jambo moja, kubeba kilichokuokoa kila siku ni jambo lingine, na vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Watu wasioishi na haya mambo wanadhani kinachochosha ni sindano. Sindano unaizoea, kwa kweli. Kinachochosha ni kuwaza. Kila unachokula, kila ukipanda ngazi, kila ukipata mafua, kila ukigombana na mtu, kichwani kuna hesabu inapigwa, nimechoma kiasi gani, itashuka saa ngapi, nikilala hivi nitaamka? Embu fikiria unaamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, unapapasa kipimo gizani na kidole hakitulii hata tone la damu linakosa kijiti, alafu namba inakuja chini ya 3.9, yani sukari imeshuka kupita kiasi. Unakula kitu cha sukari haraka, kisha unatakiwa usubiri kama dakika 15 upime tena. Hizo dakika 15 hamna cha kufanya. Umekaa kitandani peke yako, watu wote wamelala, unausikiliza mwili wako kama unamsikiliza mgeni aliyeingia ndani ya nyumba. Asubuhi unaenda kazini kama kawaida na hakuna anayejua kwamba usiku ulikuwa kazini pia. Anayesafishwa damu ana yake, kawaida mara tatu kwa wiki na kila kikao kama masaa manne, akitoka hapo siku yote imekwisha. Mwenye kifafa ana hofu yake ya kuanguka mbele za watu. Mwenye VVU kidonge chake huenda ni kimoja tu kwa siku, ila hicho kimoja kinakumbusha kila kitu kila siku. Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hapa walisema kweli tupu.

Alafu kuna suala la namba, na hili linaniuma sana. Ukifika kliniki unapimwa HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kwa sababu chembe nyekundu za damu zinaishi kama siku 120 na sukari inazigandia humo. Ni kipimo kizuri, kinaokoa macho na figo za watu. Tatizo ni jinsi kinavyosomwa. Namba ikiwa juu unaulizwa umekula nini, yani hujasalimiwa vizuri tayari ni mshtakiwa. Wakati sukari inapanda kwa maambukizi, kwa homoni, kwa stresi, kwa kukosa usingizi, kwa dawa nyingine, wakati mwingine inapanda na hakuna anayeweza kukueleza kwanini. Matokeo yake watu wanajaza namba za kutunga kwenye daftari usiku wa kuamkia kliniki ili wasigombezwe, daktari anapanga dozi kwa kuangalia namba ambazo hazipo, na kesho yake wote wawili wanashangaa mambo hayaendi. Mi siwezi kumlaumu aliyejaza. Mtu mzima akiona kila akisema ukweli anadhalilishwa atatafuta namna ya kujikinga, hata ungekuwa wewe.

Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2003 lilisema hata kwenye nchi zilizoendelea ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya kudumu wanaofuata matibabu ya muda mrefu inavyotakiwa. Nusu! Huko dawa mara nyingi zipo, maelezo yapo, wataalamu wapo, na bado nusu wanashindwa. Huwezi kuniambia nusu nzima ya wagonjwa ni wazembe. Kwa upande wa kisukari hii hali ilishaangaliwa zamani tu, mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake Marekani walitoa dodoso la maswali 20 kupima jinsi kisukari kinavyomlemea mtu kihisia, kuna kuogopa madhara ya baadaye, kuna kujisikia na hatia, kuna kuona uko peke yako. Kwahiyo huo mzigo unapimika, na sio sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, japo vinaweza kuja pamoja. Swali langu ni kwanini kliniki nyingi zinapima presha na uzito kila safari alafu hili haliulizwi hata siku moja.

Kuna sista mmoja, nesi wa kliniki, mama wa makamo, aliwahi kuniuliza. Alishaona majibu yangu, hayakuwa mazuri, akaliweka faili pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, kwa sasa hivi kipi kinakuchosha zaidi?" Nikamwambia ni usiku, naogopa kushuka nikiwa nimelala ndo maana naacha sukari iwe juu kidogo kabla sijalala. Hakunigombeza. Akasema, "Basi tuanze na usiku, mengine yatasubiri." Tukaongea na daktari, dozi ya jioni ikabadilishwa, nikaambiwa nipime saa ngapi, basi. Swali lenyewe halikumaliza hata dakika moja, na taarifa niliyompa isingetoka kwenye damu yangu hata wangenichukua chupa nzima. Ndo maana sikubali nikiambiwa wahudumu hawana muda wa hisia, hata kama foleni ni ndefu kweli na wanachoka kweli, maana muda unaopotea kwa kumgombeza mtu ungetosha kabisa kumuuliza.

Jambo lingine ni kwamba huruma ya watu inaisha kabla ugonjwa haujaisha. Mwanzoni kabisa, ukiwa umegundulika tu, simu hazikauki, watu wanakuja, wanakuombea, wanakutumia kila aina ya ushauri. Baada ya hapo maisha yanaendelea, nao wana shida zao, wanaona uko sawa unatembea unacheka. Lakini kuna wagonjwa wengi ambao mwanzo sio uliokuwa mgumu, mwanzoni kuna hofu na hofu inakusukuma ufuate kila kitu. Ugumu unakuja miaka baadaye, siku ya kawaida tu isiyo na lolote, unafungua kile kijichupa na mwili mzima unakataa, unagundua kwamba hii kitu haina mwisho. Huo ni msiba, unaomboleza yule uliyekuwa kabla, na bahati mbaya ni msiba usio na matanga, hakuna atakayekuja kukaa na wewe. Kama una ndugu anayeumwa muda mrefu, mpigie sasa, kipindi hiki ambacho hakuna habari mpya.

Na ukimpigia usiwe askari. Umemeza? Umepima? Hicho unaruhusiwa kula? Najua ni upendo, najua ni woga, ila mtu akishaulizwa hivo na daktari, na mke, na mama, na watoto, nyumba nzima inageuka kituo cha polisi na yeye ndo mtuhumiwa wa kudumu. Kuliko kumsimamia, chukua kazi moja mkononi mwake kabisa. Wewe ndo uwe unafuatilia dawa kabla hazijaisha, au wewe ndo ukumbuke tarehe za kliniki, au kaa naye tu kwenye foleni mkiongea mambo mengine. Muulize mwenyewe anataka ipi. Mwingine atakwambia hataki yoyote, anataka tu siku akisema nimechoka umjibu "pole, najua umechoka" alafu unyamaze, na niamini, hiyo sentensi fupi inafanya kazi.

Sasa nisieleweke vibaya maana hapa watu wanapoteaga. Kusema umechoka dawa ni haki yako, kuziacha ghafla kimyakimya ni hatari kubwa. Kwa sisi wa insulini ukiacha, ndani ya siku moja au mbili damu inaweza kujaa asidi na ukafa. Dawa za kifafa ukizikata ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikate. Prednisoloni, ile dawa ya steroidi inayotumika kwa pumu na magonjwa mengine, ukiwa umeitumia muda mrefu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya kutosha, kwahiyo inapunguzwa pole pole na daktari, hukati tu. Pumziko lipo lakini linatafutwa kwingine, unamwambia anayekutibu "huu mzigo umenizidi, tunaweza kupunguza nini?" Na mara nyingi kuna cha kupunguza kweli. Kuna dawa zimeunganishwa kwenye kidonge kimoja, kuna za kumeza mara moja kwa siku badala ya tatu, kuna kipimo ambacho huhitaji kukifanya mara nyingi hivo, kuna miadi inaweza kusogezwa. Hutopewa kama hujasema, kwa sababu kwenye makaratasi unaonekana unaendelea vizuri.

Pia uliza kama dawa yenyewe ndo inakuvuruga. Hili linasahaulika mno, mtu anajiona amekuwa mkorofi au ana roho mbaya siku hizi kumbe ni kidonge. Hiyo prednisoloni inaweza kukunyima usingizi na kukupandisha na kukushusha hisia, levetirasetamu ya kifafa inawafanya baadhi ya watu wawe na hasira za karibu, efavirenzi ya VVU wanaoijua wanazijua ndoto zake. Sio kila mtu zinamfanya hivo, na wengine zinawakubali vizuri kabisa, ila kama umebadilika tangu uanze dawa fulani andika ulianza lini na nini kilibadilika, upeleke hivohivo.

Na kuna mpaka ambao ukishauvuka hatuongelei tena uchovu wa kawaida. Watu wenye kisukari wanapata sonona mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine, na magonjwa mengine ya kudumu nayo yanaibeba. Ukiona karibu kila siku kwa wiki mbili hivi huna raha na kitu chochote hata ulivyokuwa unavipenda, usingizi umepotea au umezidi, unajiona huna thamani, unajiona mzigo kwa watu, hiyo inatibika, kwa maongezi na mtaalamu na kwa dawa pale inapohitajika, na kutibiwa hiyo kunasaidia hata huo ugonjwa mwingine uweze kuubeba. Ukianza kuwaza kufa, au kuwaza kuacha dawa makusudi ili yaishe, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu mmoja leo, yeyote unayemwamini, akusindikize hospitali leoleo, na ukifika pale usianze na sukari wala presha, anza na hilo.