Paa la kuficha au paa la kuinuka? Tuanze na hesabu ya mwinuko

Ukipita Goba, Madale au Kigamboni jijini Dar es Salaam siku hizi, utaona nyumba nyingi mpya kana kwamba hazina paa. Paa lipo, ila limefichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu ya lenta, na bati zimelala karibu tambarare. Jirani ana paa la pande nne lenye kenchi ndefu za kutosha chumba kizima darini. Wawili hawa wakikutana watabishana ipi nafuu na ipi haivuji, na mara nyingi hakuna aliyeshika kikokotoo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwinuko ni kimo ambacho paa linapanda, ukigawanya kwa umbali wa mlalo. Kwa nyumba iliyokwisha kupauliwa, chukua pima maji ya mita moja, gusisha ncha moja kwenye bati upande wa juu, isawazishe mpaka kiputo kitulie katikati, kisha pima kwa tepu kutoka ncha ya pili kushuka hadi kwenye bati. Ukipata sentimita 27, paa lina nyuzi 15 hivi. Ukipata 58, ni nyuzi 30.

Balaa huanzia kwenye kuchanganya asilimia na nyuzi. Mwinuko wa asilimia 30 ni nyuzi 17 hivi tu. Kwenye nyumba ya upana wa mita 10 yenye mgongo katikati, asilimia 30 inakupa kimo cha mita 1.5, ilhali nyuzi 30 zinakupa karibu mita 2.9. Ramani ikiandika "30" peke yake, fundi ataamua mwenyewe, na mbao utanunua wewe.

Sasa gharama. Eneo la bati ni eneo la paa likitazamwa kutoka juu, ukigawanya kwa kosaini ya nyuzi za mwinuko (kitufe cha cos kwenye kikokotoo). Chukua nyumba ya mita 10 kwa 14, paa likizidi ukuta kwa sentimita 60 kila upande: kutoka juu ni mita za mraba 170. Kwa nyuzi 15 unahitaji bati za mita za mraba 176. Kwa nyuzi 30, karibu 197. Kwa nyuzi 45, 241. Kutoka 15 hadi 30 nyongeza ni asilimia 12 hivi, bado inavumilika. Baada ya hapo ndipo mfuko unapotoboka. Na wanaosema paa la pande nne linakula bati nyingi kuliko la pande mbili wana ukweli nusu: kwa mwinuko uleule eneo ni sawa kabisa, kinachozidi ni vipande vinavyokatwa na kutupwa.

Kwa hesabu hiyo, paa la kuficha linaonekana kushinda. Bati ni chache, mbao ni fupi, na upepo haukuti ukingo wa kuushika kutoka chini. Lakini ukuta wa kufichia nao una bei. Mzunguko wa nyumba yetu ni mita 48. Ukipandisha ukuta mita moja tu, hizo ni mita za mraba 48 za tofali, na plasta pande zote mbili ni 96. Akiba ya bati imeishia hapo, pengine na ziada.

Ukuta huo ndio unaoamua mwinuko, na hapo ndipo mimi naona kosa. Bati zikielekezwa upande mmoja kwenye upana wa mita 10, nyuzi 10 zinahitaji kimo cha mita 1.76. Hakuna anayetaka ukuta mrefu hivyo juu ya madirisha, basi paa linashushwa hadi nyuzi 5 ili picha ya mbele ipendeze. Bati la migongo mirefu linaweza kuvumilia nyuzi 5 likiwa zima kutoka juu hadi chini. Likiungwa katikati, maji ya masika yanarudi nyuma kupitia maungio. Bati zenye sura ya vigae ndizo hazifai kabisa hapo.

Pwani tuliyajua mapaa tambarare zamani. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilifunikwa kwa boriti, mawe na chokaa, na nyingi baadaye zikaongezewa paa la bati au makuti juu yake.

Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa Dar es Salaam, mimi ningechagua nyuzi 20 hadi 25 na paa linalozidi ukuta, kwa sababu linavumilia fundi wa wastani. Paa la kuficha halimvumilii. Mvua ya milimita 50 juu ya mita za mraba 140 za nyumba yetu (paa hili halizidi ukuta) ni lita 7,000, na zote zinapita kwenye gata iliyo ndani ya kuta. Majani ya mwembe yakiziba bomba, kwenye paa la kawaida maji yangemwagikia uani. Hapa yanashuka kwenye dari ya jipsamu. Anayelitaka ajenge gata pana, bomba zaidi ya moja, na tundu la dharura kwenye ukuta, chini kidogo ya usawa wa ncha za bati. Tundu hilo ndilo wateja huomba lifutwe kwenye ramani, eti linaharibu sura ya nyumba.