Mkaguzi Kaja na Tochi Mchana Kweupe

Jamani nauliza hivi, mtu anakuja kwako saa nne asubuhi, jua la Tabata linachoma mpaka bati linalia, yeye kavaa tochi kichwani na ana kanyundo mkononi, huyo unampa chai au unamwita mjumbe? Mimi nilimpa chai. Na vitumbua. Akala vyote, halafu akaanza kuisema nyumba yangu.

Haya yote kaleta dalali. Nilimwambia nauza, nikajua ataleta watu, tutavutana bei kistaarabu, yaishe. Thubutu! Ati bosi wangu, wateja wa siku hizi wengine wako Muscat, wengine Marekani huko, wanatuma hela bila kuja, wanataka ripoti, ukiikagua mapema mwenyewe hawapati pa kukushushia bei. Nikasema poa. Mthamini alishapita, mtu wa watu yule, kasajiliwa na bodi yake na muhuri anao, akavuta futi, akapiga picha, akaondoka bila kumtukana mtu. Nikadhani wote ndo wako hivyo.

Sasa huyu wa kanyundo. Kijana mdogo, shati kachomekea, "mzee" haimtoki mdomoni. Akaanzia mlangoni. Mlango wangu una utaratibu wake, unaunyanyua kidogo kwa mguu, unausukuma kwa bega la kulia, unafunguka, hata wageni wanajua. Yeye akausukuma hivihivi tu. Ukagoma. Akaandika.

"Mzee, fremu imepinda."

Nikamwambia haijapinda, imezoea.

Sebuleni akawa anagonga ukuta, ko ko ko, anatega sikio, anatikisa kichwa. Mzee, mchanga wa kujengea ulitoa wapi? Sasa mimi nitajuaje, lori lilikuja, likamwaga, likaondoka! Ati ukuta una chumvi, ndo maana plasta inabanduka na rangi haikai, halafu fundi hakutandika nailoni juu ya msingi kwa hiyo unyevu unapanda kutoka chini. Akasogeza kabati aone vizuri. Kabati lile liko pale kikazi, halikuwekwa kwa urembo. Nikalirudisha taratibu huku namuuliza habari za nyumbani kwao. Akalisogeza tena. Samahani mzee. Hamna shida kijana. Basi tukawa tunasukumana kabati, watu wazima wawili na adabu zetu zote, linakwenda linarudi, linakwenda linarudi, mpaka mguu mmoja wa kabati ukakatika na vikombe vya harusi vikaanza kuteremka kimoja kimoja. Unajua aliandika nini? Sakafu haijakaa levo.

Bafuni akauliza waya wa ethi, ule wa kushusha umeme ardhini, uko wapi. Nikamwambia upo. Wapi mzee? Upo tu.

Akapanda darini. Nikamwambia kijana huko usipande, hatupandagi. Akapanda. Nikamsikia anaguna kuhusu mchwa, mara kenchi, zile mbao za kubebea bati, zimeachana sana, mara bati ni jembamba, geji 30, wakati hapa ilitakiwa 28, mara paa! Mguu mzima ukatokeza sebuleni juu ya tivii, na kiatu chake na soksi yake, unaning'inia. Na sauti inatoka juu huko kwa upole kabisa, "Mzee, jipsamu yako imelowa, haina nguvu." Yaani kaitoboa yeye! Mguu wake uko kwangu bado, na ripoti anaiandika hukohuko juu, na kosa ni la kwangu! Mimi nimekaa miaka na ile jipsamu tunaheshimiana, mvua ikinyesha naweka ndoo, mvua ikikata natoa ndoo, hajawahi kulalamika mtu.

Alivyotoka nje kupima nyufa kwa rula na kupiga picha chemba ya choo, mtaa ukajaa. Mtaani kwetu mtu mwenye faili akisimama ukutani kwako tafsiri ni moja, mkopo umekushinda, mnada unakuja. Mama jirani kaniletea pole na ndizi. Mangi wa dukani, ambaye tangu Ramadhani alikuwa ananiambia "utalipa tu mzee wangu", kaja mwenyewe na daftari na peni kaichomeka sikioni. Mwingine akanishauri kwa uchungu kabisa niandike ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Mimi nauza! Nikaandike haiuzwi!

Kodi sitaki hata kuigusa. Ati kwenye faida unakatwa asilimia 10, lakini faida ujue kwa risiti za saruji na nondo, na kwangu mchwa waliomo kwenye kenchi walianzia kwenye boksi la risiti. Asiye na kumbukumbu anakatwa asilimia 3 ya bei. Sawa, mchwa wamenichagulia.

Na hapo bado wife, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya familia siiuzi bila ridhaa yake. Kaisoma ripoti jioni yote, miwani puani, kurasa zote, kimya. Mwisho akasema atasaini, ila kwanza mlango urekebishwe. Mlango huohuo kauomba tangu mtoto wa kwanza anatambaa, leo unatengenezwa ili akaufungue mwanamke wa Muscat! Hilo kalisema yeye, sio mimi, na kalisema mara nyingi.

Basi nimempigia fundi. Anasema bosi nishatoka, niko Ubungo hapa kwenye foleni, dakika kumi nafika. Na nyuma yake namsikia jogoo anawika na mtoto analilia uji, baba uji, baba uji, na yeye anamwambia ngoja nimalize kuongea na simu.