Msinichangie, Nimeandikwa Kazi

Jumapili asubuhi niliamka nikapata nimeongezwa kwa grupu ya WhatsApp inaitwa "Tumsimamie Matron". Nikajua mtu amekufa, maana siku hizi ukiongezwa kwa grupu bila kuulizwa ni mazishi ama ni harusi, na watu wa rika langu hawaoi tena. Kumbe anayesimamiwa ni mimi. Msichana mmoja niliyemlea bwenini, sasa ni mama mzima na gari yake, alipita supamaketi hapa Nakuru kununua vitunguu akaniona nimevaa aproni ya kijani napima nyanya, hakunisalimia, akanipiga picha akiwa nyuma ya rafu ya mkate, akaenda nayo kwa wenzake. "Wasichana, huyu ndiye alikuwa anatuamsha saa kumi na moja. Ona mahali ameishia. Inauma." Halafu emoji za kulia mstari mzima. Saa ile naingia kulikuwa tayari na namba ya kutumia pesa, mweka hazina, na mtu ameahidi elfu tano.

Asanteni kwa moyo, kweli. Pesa rudisheni kwa wenyewe. Mimi si mtu wa kusimamiwa, mimi ni mfanyakazi, naingia saa kumi na mbili na nusu mboga zikishuka kwa lori, natoka saa tano kabla wale wa lanchi waanze kusukumana, na mwisho wa mwezi napewa slipu yenye jina langu. Kama kuna mtu wa kuliliwa hapo mniambie ni yupi.

Kuna mmoja ameuliza kwa grupu, kwani pensheni ya Matron ilienda wapi. Pensheni gani mwanangu? Walimu wenu walikuwa wa TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu. Sisi matron, wapishi na walinzi tulikuwa wa bodi ya shule, na bodi ikikuaga inakupatia keki, leso na picha ya pamoja. Kilichobaki ni NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, na NSSF ya wakati wetu wengi wenu hamuijui: shilingi 200 kwako, 200 kwa mwajiri, basi, na ikaendelea hivyo mpaka Februari 2023 walipoanza kukata kwa ile sheria mpya. Sasa chukua 400, zidisha kwa miezi 12, zidisha kwa miaka 20. Elfu tisini na sita. Weka na riba ukipenda, kisha uniambie ni nyumba gani za kupangisha mtu anajenga Kiamunyi na hiyo. Na hata hao walimu msiwaonee wivu, wale waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walishinda kesi yao ya nyongeza hapa hapa Nakuru mwaka 2008, na wengine tumewazika wakiwa bado wanangoja kulipwa.

Halafu ushauri! Ukishafika sitini kila mtu ni mtaalamu wa maisha yako. Fuga kuku. Panda avokado. Nunua nduthi uweke kijana akuletee mia tatu kila jioni (atakuletea kwa wiki mbili, ya tatu atakuletea stori). Mnakumbuka kware? 2013, 2014 hivi, watu wazima wenye akili zao walikuwa wanatafuta leseni ya KWS, shirika la wanyamapori, ili wafuge ndege wa kutosha kiganja, yai lake likawa dawa ya kila ugonjwa, halafu soko likaanguka watu wakabaki na vizimba na madeni. Najua mzee mmoja wa Lanet aliyeweka kiinua mgongo chake chote huko. Hakuna aliyemfungulia grupu. Alikuwa anaitwa mfanyabiashara. Lakini mama akivaa aproni akapima nyanya, ameishia.

Sasa nije kwa kile kilichonitoa nyumbani, na si upweke, na si hayo mambo ya "kujishughulisha" wanayofundishwa watu kwa semina za kustaafu. Ni bima.

Nina presha. Mwenye presha anajua hiyo dawa haina likizo, ni kila siku mpaka siku utakayolala moja kwa moja, na kuna miezi nilikuwa nameza leo naruka kesho ndio ile karatasi ya vidonge ifike tarehe thelathini. NHIF, bima ya afya ya serikali, ilipozikwa na SHA ikaingia mahali pake Oktoba 2024 nikajisajili kama raia mwema. Wewe usiye na slipu unapewa mtihani. Paa lako ni la nini, choo ni cha shimo ama cha kuvuta maji, unapikia kuni ama gesi, halafu kompyuta inakaa inafikiria inaamua wewe ni tajiri wa kiwango gani. Sasa mimi nyumba ninayoishi aliijenga marehemu mzee wangu akiwa bado na kazi yake, akaweka vigae kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda sifa, Mungu amrehemu, kwa hivyo kwa kompyuta mimi ni mtu na pesa zangu. Vigae haviliwi! Na ukishapewa hiyo hesabu yako unaambiwa ulipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mama anayeuza managu kwa beseni pale stage, anapata faida ya kununua unga na sabuni, atoe ya miezi kumi na mbili siku moja. Wakaleta Lipa SHA Pole Pole, ambayo ukiiangalia vizuri ni kukopa ili ulipe bima, yaani unaanza kudaiwa kabla hata hujaugua.

Ukiwa na kazi hiyo drama yote inaisha. Ni asilimia 2.75 ya kile unachopata, hawaulizi choo, hawaulizi paa. Kwa elfu kumi na mbili ni shilingi 330, inakatwa kabla sijaiona, mwezi ukiisha inakatwa tena. Mtu mmoja tu amebadilika kutoka "asiye na ajira" hadi "mwajiriwa" na ghafla serikali inamwamini! Mimi ni yule yule, vigae ni vile vile.

Na juu ya hiyo kampuni imetununulia bima ya matibabu ya nje, hata sisi wa nusu siku, baada ya kumaliza majaribio. Mara ya kwanza kuitumia nilienda kliniki fulani hapa tauni, msichana wa mapokezi bila hata kuinua macho akauliza, "Mum, ni keshi ama bima?" Nikasema bima. Akasukuma ile mashine ya kidole. Kidole cha kwanza kikakataa, cha pili kikakataa, kwa sababu mikono yangu imefua mashuka yenu kwa Jik miaka mingapi, alama zimeisha, watu nyuma yangu wameanza kuguna, mpaka gumba la kushoto ndio likakubali. Nikatoka na dawa za presha za miezi miwili kwa mfuko. Sijatoa hata shilingi. Niliketi kwa benchi pale nje nikazihesabu zile karatasi kama mtu ambaye ameiba.

Sasa mtu aniambie elfu tano ya mchango inashinda hiyo. Mchango ni wa siku moja. Mtanichangia leo mkiwa na huruma, mwezi wa tatu mtanyamaza, mwezi wa tano mweka hazina atatoka kwa grupu, na mimi presha bado ninayo. Sijakasirika, ndivyo michango ilivyo, hata mimi nimewahi kuondoka kwa grupu za watu usiku wa manane.

Tena angalieni umri. Sitini unaambiwa nenda nyumbani. Zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa za serikali za wazee kila mwezi, zinangoja ufike sabini. Hiyo miaka kumi katikati mtu anakula nini? Kwa serikali kati ya sitini na sabini wewe ni hewa, lakini kodi ya nyumba za bei nafuu wanaikata, asilimia moja na nusu, niko na miaka 61. Nyumba yangu nadhani itakamilika nikiwa nimeshahamia ile ya futi sita.

Nyinyi wa ng'ambo nawasalimia kipekee. Aliyetuma dola za kwanza kwa huu mchango yuko Marekani, na si siri anapanga bidhaa dukani usiku, alipost mwenyewe akiwa na kofia ya kazi tukamwandikia hongera sote. Si yeye ndiye alinieleza huko Medicare, bima ya serikali ya wazee, haianzi mpaka 65, kwa hivyo mtu akitoka kazini mapema anatafuta duka la kumpa nusu siku ili tu apate bima, na kwamba maduka ya Costco wanajulikana kwa kuwapa hata wale wasio wa siku nzima? Akanieleza kwa majivuno. Wazee wa kizungu wanapanga maziwa kwa friji na hakuna anayewaonea huruma. Lakini huyo huyo, Matron wake akifanya hivyo Nakuru, inauma. Kwani aproni inabadilika uzito ikivuka bahari?

Wengine wanasema nimechukua nafasi ya kijana. Hapo mnaniweza kidogo, siwezi kudanganya. Kwa shifti yangu kuna kijana ana digrii ya takwimu na anapanga sukari. Lakini hiyo nafasi ya masaa manne na nusu alfajiri ilikuwa imebandikwa pale mlangoni kwa muda mrefu na hao vijana walikuwa wanaikataa, kwa haki yao, kwa sababu kijana anataka siku nzima na mshahara wa kumwezesha kuoa. Mimi sitaki kuoa. Masaa yanayomfaa yeye si yanayonifaa mimi, basi.

La pili nakubali bila kupenda: supamaketi hufa. Huu mji wetu ndio mama yao, jina Nakumatt lilitoka kwa Nakuru Mattresses, Naivas na Tuskys zote mizizi yao ni Rongai hapo, na tunajua Nakumatt na Tuskys zilivyoisha, rafu zikawa tupu na wafanyakazi wakabaki wanadai mishahara. Kampuni ikianguka hata hiyo bima yangu imeenda nayo. Sawa. Lakini hata kware walikufa.

Na kazi yenyewe naijua, hiyo ndio inaniudhi zaidi na hizo emoji. Mnadhani nimewekwa pale kwa huruma? Nimepokea kabichi na viazi vya shule miaka yote hiyo, najua dereva akikuwekea vizuri juu ya gunia chini kumeoza. Juzi walileta viazi vya Shangi kutoka upande wa Molo, meneja wetu, kijana wa miaka ishirini na tisa mpole sana, akataka kusaini. Nikamwambia ngoja baba, mwaga hilo la katikati. Shangi haikai, inaota macho haraka, na hivi vilikuwa tayari vimeanza kuchipuka vinapakwa udongo ili visionekane. Tulirudisha magunia manne. Sasa lori likifika ananiita, "Mum, kuja uangalie kwanza," na dereva akiniona anaanza kueleza kabla hata sijauliza. Nyanya nazipanga kwa siku: za leo mchana mbele, za kesho kutwa nyuma, na kuna mzee mmoja anayefinya kila avokado kwa trei halafu ananunua ndizi, huyo namshughulikia mimi, vijana wanamwogopa.

Kitu kimoja tu nililazimika kupigania ni stuli. Kwenye supamaketi zetu keshia anaketi, wa rafu na wa mizani anasimama kutwa nzima, ati mteja akikuona umeketi atadhani hufanyi kazi. Upumbavu. Nilisema magoti yangu hayana habari na mteja. Walileta stuli, na sasa wale wasichana wa shifti ya mchana wanaitumia pia, jambo ambalo lingefaa kufanywa kabla mimi sijazaliwa.

Wenye supamaketi kama mnasoma: masaa ya alfajiri mnahangaika kuyajaza, na mtaani kumejaa wanawake na wanaume wa miaka sitini na kidogo walioendesha stoo za shule, kantini, maghala ya KFA, kile chama cha wakulima, wanaamka saa kumi bila alamu. Wapeni nusu siku na bima. Msiwape kibarua. Ile michezo ya kumweka mtu miezi miwili, kumsimamisha wiki, kumrudisha kama mgeni, sisi tunaijua, na Sheria ya Ajira ya 2007 pia inaijua.

Na wewe wa rika langu unayefikiria kuenda kuuliza, usianze na mshahara. Uliza kwanza nani anakuajiri, maana wengi mnaowaona wakipanga bidhaa ni wa kampuni za nje na bima ya supamaketi haiwahusu. Kisha uliza bima inaanza lini, inafika kiasi gani kwa mwaka, na kama presha na sukari uliyonayo tayari zimo ama wamezitoa kwa maandishi madogo. Mimi waliniambia "ni sawa mum, zimo." Nikasema sawa, niandikieni. Ilichukua wiki mbili, lakini waliandika.