Nani Kaniingiza Kwenye Zilipendwa?

Kijana wangu kaniwekea nyimbo za 2001 kwenye flashi, ati zawadi ya baba. Nikaichomeka kwenye redio ya bajaji pale Jamatini, hapa Dodoma, kifua mbele. Hatujafika mbali, binti wa chuo niliyempakia kwenda Chimwaga akauliza kwa upole, "Anko, leo umeamua zilipendwa?"

Zilipendwa! Jamani, zilipendwa ni za Marijani Rajab, za Mbaraka Mwinshehe, za marehemu baba na suruali yake ya bugaluu. Mimi na Professor Jay wa bongo fleva tumeingizwaje humo? Si juzi tu hapa? Nikahesabu miaka kwa vidole, vidole vikaisha, nikashika usukani.

Mara "Maria Salome" ikaanza. Binti akatabasamu: "Kumbe na huyu mama kaurudia wa Diamond!" Nilishika breki. Bodaboda aliyekuwa nyuma akaniporomoshea matusi ya Kigogo, na sikumjibu, maana alikuwa na haki. Nikamweleza binti taratibu: Saida Karoli ni 2001, Diamond na Rayvanny wametoa "Salome" yao 2016. Miaka 15 hiyo, mtoto kamaliza darasa la saba na kumjibu baba yake anajua. Akasema, "Aah, sawa anko," akarudi kwenye simu yake.

Ila na mimi nina la kujibu. Wimbo ule tumeucheza kwenye harusi yangu, na maneno yake ya Kihaya sijui hata moja. Shangazi zangu wa Mpwapwa waliuimba mwanzo mwisho, macho wamefumba, utadhani wamezaliwa Bukoba. Baadaye nikamwomba jirani Mhaya anitafsirie. Akacheka, akasema nilete kwanza senene. Hapa Dodoma senene nitawatoa wapi? Ningeombwa vumbi ningepeleka gunia. Mpaka leo sijui niliingia kwenye ndoa kwa maneno gani.

Tunaukaribia mlima wa chuo, "Ndio Mzee" ya Professor Jay ikaingia. Huu ndio wangu. Mgombea anamwaga ahadi, umati unaitikia. Tuliuimba sana mtaani Chang'ombe, tukijiona tunawacheka wanasiasa. 2015 Jay mwenyewe kachaguliwa mbunge wa Mikumi, kaja kukaa bungeni hapahapa kwetu. Aliyeimba kafika mjengoni. Mimi niliyekuwa namwitikia bado naitikia "ndiyo mzee" kila jioni, nikipeleka hesabu kwa tajiri wa bajaji.

Na nilivyoupata wimbo ule, hawa watoto wa kugusa kioo hawawezi kuelewa. Hela ya kununua kaseti sikuwa nayo, nilikuwa narekodi redioni. Betri umezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Nyumba nzima umeitangazia amani, asipite mtu, asisogeze mtu waya wa antena. Unakaa na vidole viwili juu ya vitufe, maana cha kurekodi hakikubali peke yake, lazima kibonyezwe pamoja na mwenzake. Wimbo unaanza, unabonyeza, unaacha hata kupumua. Ukifika patamu kabisa, mtangazaji anajitokeza: "Sasa ni saa nne na robo usiku!" Nani kamuuliza? Nilikaa wiki mbili nasubiri waupige tena, ukapigwa siku umeme wa mwili umeniishia, nimelala. Basi nikabaki na mkanda huo huo. Nimeusikiliza miaka, ukikwama naukaza kwa kalamu, na saa nne na robo yangu iko palepale.

Sasa huu wa kwenye flashi ni msafi, kama umeoshwa. Pakafika pale patamu, nikatega sikio. Kimya. Jay anaendelea tu na mambo yake. Nikasikia kitu kimepungua, kama umepewa ugali wa uwele bila mlenda. Sikupanga, naapa. Mdomo ulifunguka wenyewe, sauti nzito ikatoka:

"Sasa ni saa nne na robo usiku!"

Binti akatoa vidude masikioni. Akaangalia simu, akachungulia jua nje, akajivutia begi lake kifuani.

"Anko, ni saa saba mchana. Nishushe tu hapa."