util.c isijue lolote kuhusu asembli

Ukifungua msimbo wa asembla (programu inayogeuza lugha ya asembli kuwa maagizo ya mashine) iliyoandikwa kwa C, iwe kazi ya mwanafunzi wa chuo au mradi wa mtu anayejifundisha mwenyewe usiku, ni nadra usilikute faili la util.c. Humo ndimo zinamoishia fanksheni zote zilizokosa kwao: ya kuomba memori, ya kukata nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa mstari, ya kugeuza maandishi kuwa namba, ya kutangaza kosa, na pengine moja ya kuchapisha namba biti kwa biti ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwa kwa nini. Kila sehemu ya programu inaita humo, kwa hiyo kila mtu anaongeza humo, na haichukui muda faili linageuka jalala.

Wapo wanaosema dawa ni kulifuta kabisa, kila fanksheni irudi inakotumika. Sikubaliani nao. Kuna kazi ambazo sehemu zote za programu zinazihitaji, na kuziandika mara nne katika mafaili manne ni kukaribisha makosa manne tofauti. Ninachodai mimi ni kitu kimoja: faili hilo lisijue kwamba linatumika ndani ya asembla. Lisijue lebo (jina la mahali ndani ya programu) ni nini, lisijue maoni, yaani maelezo ambayo asembla huyaruka, yanaanza na alama gani, lisijue ni mstari wa ngapi unaosomwa. Likishajua hayo si la pamoja tena, hata kama kila mtu analiita.

Chukua fanksheni ambayo karibu kila mtu huiweka humo bila kusita, ile ya kusoma namba. Inaonekana haina ubishi wowote: maandishi yanaingia, namba inatoka. Haya, ipe 010. Kwa asembla ya GNU, sifuri ya mwanzo ina maana kwamba namba iko katika mfumo wa nane, kwa hiyo 010 ni nane. Kwa NASM, asembla nyingine, 010 ni kumi tu, na anayetaka mfumo wa nane aandike 0o10 au 10q. Asembla mbili, kichakataji kilekile cha x86, herufi zilezile tatu, majibu mawili. Ukiiachia strtol, fanksheni ya C ya kugeuza maandishi kuwa namba, iamue yenyewe mfumo wa namba kwa kuipa besi 0, itakupa nane, kwa sababu strtol inafuata kanuni za C. Lakini lugha unayoisoma si C.

Na hapo hatujagusa ukubwa. Katika mov al, 300 namba haiingii, kwa kuwa al ni rejista ya biti 8. Lakini mov al, 255 inakubalika, mov al, -1 nayo inakubalika, na zote mbili zinatoa baiti ileile, 0xFF. Yaani mpaka unaoruhusiwa ni kuanzia -128 hadi 255, mpaka ambao hauna aina ya data inayolingana nao katika C nzima. Halafu kuna maelekezo ambayo kichakataji huchukua baiti moja na kuitanua hadi biti 32 pamoja na alama yake ya hasi au chanya. Hapo mpaka unarudi kuwa -128 hadi 127. Nani anajua utumike upi? Jedwali la maelekezo ndilo linalojua. Fanksheni iliyokaa kwenye util.c haina namna ya kujua, isipokuwa uipe vigezo vitano na bendera mbili, na ukifika huko ujue umeshaanza kuandika asembla ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Kuna tego lingine ambalo huwanasa hata wenye uzoefu. Kwenye Linux ya biti 64, long, aina ya namba ambayo strtol inarudisha, ni biti 64. Kwenye Windows ya biti 64, long ni biti 32. Ipe strtol maandishi 0xFFFFFFFF: Linux itarudisha 4294967295, Windows itarudisha 2147483647 na kuweka ERANGE (namba imevuka mpaka) kwenye errno, kigeugeu ambamo C huacha taarifa ya kosa. Kama hukuiangalia errno, na wengi hawaiangalii, asembla yako itazalisha faili moja nyumbani na lingine kazini, bila onyo lolote. Wanaotumia atoi, ndugu mdogo wa strtol, ndio hata siwasemi: ile haina njia yoyote ya kusema imeshindwa, ukiipa jina la lebo inakurudishia sifuri kwa utulivu kabisa.

Sasa kazi halali ya util.c katika suala hili ni ipi? Ni fanksheni ndogo inayopokea tarakimu na besi ambayo tayari imeamuliwa na mtu mwingine, inajaza uint64_t, na inasema kama namba imeingia au imefurika. Basi. Kiambishi cha mwanzo, herufi ya mwisho, alama ya kutoa na ukubwa wa rejista vyote vibaki kwa wanaohusika navyo.

Kuondoa maoni ni hivyohivyo. Nimeona mara nyingi fanksheni ya mistari mitatu inayotafuta nukta-mkato ya kwanza na kuweka '\0', alama ya mwisho wa stringi, mahali pake. Ni safi na fupi, na ni mbovu. Ikikutana na db "a;b" inakata stringi katikati. Isitoshe, nukta-mkato ni mwanzo wa maoni kwa NASM, ila kwa asembla ya GNU kwenye x86 alama hiyo hutenganisha sentensi mbili zilizo kwenye mstari mmoja, na maoni huanza na #. Asembla hiyohiyo ya GNU ukiihamishia kwenye ARM ya biti 32, maoni yanaanza na @. Kitu kinachobadilika kiasi hicho hakiwezi kuitwa huduma ya jumla. Hiyo ni sarufi, na sarufi ina faili lake.

Kinachobaki baada ya kuyatoa hayo ni kidogo, nami nakipenda kikiwa kidogo. Kwanza memori. Fanksheni ya aina ya xmalloc, inayoomba memori na kuifunga programu ikinyimwa, inastahili kuwamo. Wakosoaji husema si adabu maktaba kuua programu nzima. Kwa maktaba inayoishi ndani ya seva, ni kweli. Asembla lakini ni programu inayosoma faili, inaandika faili, inaondoka. Ikikosa memori haina la maana la kufanya zaidi ya kusema hivyo na kutoka na msimbo usio sifuri. Kwa sababu hiyohiyo sioni haja ya kuhangaika kuita free kwa kila jina la lebo. Omba vipande vikubwa, gawa humo humo, mfumo endeshi utazoa vyote mwishoni. Asembla ya GNU inatumia obstack, kigawa memori cha aina hiyo, kwa namna hiyo, na hakuna aliyekufa.

Nakala ya stringi nayo iwemo, tena iandikwe kwa mkono. strdup, fanksheni ya kunakili stringi, imeingia rasmi kwenye kiwango cha C mwaka 2023 tu. Kabla ya hapo ilikuwa ya POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix. Ukikompaili kwa -std=c99 kwenye Linux, heda ya string.h inaificha. Kompaila za GCC za zamani zilitoa onyo tu na kudhani inarudisha int, kwa hiyo pointa ya biti 64 ilikatwa nusu, na programu ikaanguka mbali kabisa na mahali kosa lilipo. Ukiandika yako, usiiite strnakala wala jina lolote linaloanza na str na kufuatiwa na herufi ndogo: kiwango cha C kimeyahodhi majina hayo kwa matumizi yake ya baadaye.

Kuna isspace na isalpha, fanksheni za C za kuuliza kama herufi ni nafasi tupu au ni ya alfabeti. Hizi zinataka thamani ya unsigned char (isiyo na hasi), au EOF, ishara ya mwisho wa faili. Kwenye x86 char ya kawaida huwa na alama, kwa hiyo baiti iliyozidi 127 inaingia ikiwa hasi, na hapo kiwango hakikuahidi chochote. Mtu atasema Kiswahili hakina herufi za ajabu, hili halituhusu. Andika neno ng’ombe kwenye maoni ukiwa umelinakili kutoka programu ya kuchapia, ile inayopinda ritifaa yenyewe, na utakuwa umeingiza baiti tatu, E2 80 99, zote zimezidi 127. Fanksheni moja ndogo inayogeuza kuwa unsigned char kabla ya kuita isspace inamaliza shughuli, na hiyo ni ya util.c bila ubishi.

Na kuandika baiti. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote:

void andika32(FILE *f, uint32_t n)
{
    for (int i = 0; i < 4; i++)
        fputc((n >> (8 * i)) & 0xff, f);
}

Baiti ndogo inatangulia, kwenye kompyuta yoyote itakayoendesha programu hii. Haiulizi mashine ina mpangilio gani wa baiti, haina #ifdef (sharti la kukompaili) hata moja. Anayeita fwrite moja kwa moja juu ya uint32_t anatoa faili linalotegemea mashine aliyokaa nayo.

Wazo hili la kipande cha pamoja kisichomjua anayekitumia lina umri sawa na asembla zenyewe. EDSAC, moja ya kompyuta za mwanzo, ilipoanza kazi Cambridge mwezi Mei 1949, David Wheeler alikuwa ameiandalia maagizo 31 ya kuanzia, yaliyosoma herufi na namba za desimali kutoka utepe wa karatasi na kuzigeuza kuwa maagizo ya mashine. Palepale pakajengwa maktaba ya vipande vya programu, kila kimoja kwenye utepe wake. EDSAC haikuwa na agizo la kugawanya, kwa hiyo kugawanya kulikuwa kipande cha maktaba. Kipande hicho hakikuuliza kama anayekiita ni mwanafizikia au mwanabiolojia.

Mfano unaonipinga upo, na ni mzito. Kwenye Plan 9, mfumo endeshi wa Bell Labs, asembla hazikushirikiana kwa memori na stringi tu. Zilichukua mwili mzima wa kisoma-maneno na wa makro kutoka kwenye saraka ya kompaila ya C, kwa kuandika #include "../cc/lexbody" na #include "../cc/macbody" ndani ya faili la chanzo. Huko ndiko kushiriki sarufi yenyewe, kinyume kabisa na ninachohubiri. Na kulifanya kazi: lugha ya Go ilirithi asembla hizo na kuishi nazo hadi toleo la 1.5 mwaka 2015, zilipobadilishwa na asembla moja, iliyoandikwa kwa Go, inayohudumia vichakataji vyote. Jibu langu ni kwamba lugha zile zilibuniwa zifanane tangu mwanzo, na jina la faili lilitaja wazi kilichomo. Lexbody haijifanyi util. Ukiwa na familia ya asembla za mkono mmoja, shiriki sarufi, ila iite sarufi.

Libiberty, maktaba wanayoshirikiana kompaila ya GCC, debaga ya GDB na zana za binutils, inaonyesha upande wa pili. Ina xmalloc, ina hashi, ina obstack, vitu visivyojua chochote. Pia ina msimbo wa kufumbua majina ya C++ yaliyofumbwa na kompaila, ambao unajua mengi mno. Ulikaribishwa kwa sababu linka (programu inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa) na debaga (ya kusaka hitilafu) zote ziliuhitaji, sababu ya kweli kabisa, lakini ndivyo majalala yanavyoanza.

Nimeacha makosa mwisho kwa kuwa ndiyo yanayoharibu zaidi. Karibu kila util.h niliyoisoma kwenye asembla za kujifunzia ina extern int mstari, yaani kigeugeu kinachokaa faili lingine, ili fanksheni ya kosa iweze kuchapa namba ya mstari. Siku unapoandika disasembla, inayorudisha maagizo ya mashine kuwa asembli, na kutaka kutumia util.o (util.c iliyokompailiwa) ileile, linka inagoma: mstari haujulikani. Disasembla haina mistari. Unajikuta unatangaza kigeugeu cha bandia ili tu linka ikuache. Makosa ni ya aina mbili. Lipo la mazingira, kama memori kuisha au faili kutofunguka. Hilo linafunga programu, na fanksheni yake ikae util.c. Lipo la mwandishi wa programu ya asembli, ambaye anataka kuona makosa yake yote kwa mara moja, yakiwa na jina la faili na namba ya mstari. Hilo halifungi kitu, linahesabiwa na kazi inaendelea. Hili la pili likae na msomaji wa chanzo, ambaye tayari ana namba ya mstari mkononi.

Kulikagua faili lako huhitaji mjadala. Andika nm -u util.o kwenye kompyuta yako. Orodha itakayotoka ni ya majina ambayo faili linayategemea kutoka nje. Ukiona malloc, realloc, fputc, exit, uko salama. Ukiona mstari, jedwali_la_lebo au pasi_ya_pili, fungua faili hilo, na uanze na fanksheni inayolitaja jina hilo.